Kibarua, Kipande na Ujira wa Wazee Wetu



Katika mkutano mkuu wa mwaka uliopita lilizuka neno ambalo halikumalizika, na Kamati ikatuagiza tuliandikie habari zake katika kijitabu hiki. Mwanachama mmoja, fundi wa kujenga, alisimama akalalamika ya kwamba mahali pake pa kazi wameajiriwa vijana wasio na kitambulisho. Baadhi yao wametoka ng'ambo ya mpaka, na baadhi ni wana wetu wenyewe ambao karatasi zao hazijatoka. Hulipwa nusu ya ujira wa wenzao, na tangu walipoingia, ujira wa wote umeshuka. Akataka chama kisiwapokee watu wa namna hiyo, wala kisiwasaidie wakiugua au wakifiwa. Waliompigia makofi walikuwa wengi.

Sisi tulioketi mezani na daftari twaona kwamba neno hili lina umri mkubwa kuliko chama chetu. Twaomba tulirejee tangu mwanzo wake.

Lenyewe jina la kibarua latokana na barua ndogo, yaani kikaratasi. Hapa pwani, kabla utumwa haujakomeshwa kisheria mwaka 1907, mabwana waliwatuma watumwa wao mjini wakafanye kazi ya kutwa, nao jioni walitoa sehemu ya ujira wao kwa bwana. Mtu huru aliyetafuta kazi ile ile ya kubeba mizigo ilimpasa kusimama penye safu moja na mtu asiyeweza kukataa. Tafadhali likumbukeni hilo, kwa kuwa mengine yote yafuata nyuma yake.

Kisha kikaja kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimia miaka 16 alipaswa kuandikishwa na kutiwa alama za vidole, akachukua karatasi yake ndani ya kikasha cha chuma kilichofungwa kamba shingoni. Humo mliandikwa jina lake, kabila lake, mwajiri wake, siku aliyoingia kazini, siku aliyoachishwa na mshahara aliopewa.

Mzee mmoja wa chama ametukabidhi kipande cha marehemu baba yake, na tumekisoma kwa utulivu. Ndani yake wameandikwa waajiri watatu, mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza alimlipa shilingi 10 kwa mwezi pamoja na posho. Wa pili naye ameandika 10. Wa tatu, katika ile miaka ya dhiki baada ya 1930, ameandika 8. Mzee atuambia kwamba baba yake alijifunza kazi nyingi katika miaka ile, hata akaweza kuendesha mashine ya kukoboa kahawa. Lakini kila alipofika mlangoni kwa bwana mpya, bwana alifungua kikasha kwanza, akatazama mshahara wa mwisho, ndipo akanena. Basi mtu angewezaje kupatana bei, hali bei yake ya jana imening'inia shingoni pake?

Akishindwa kuvumilia, alitoroka. Lakini kutoroka kazi kulikuwa ni kosa la jinai, na aliyetoroka hakuwa na saini ya kuachishwa. Wako waliokitupa kipande wakajaribu kuandikishwa upya kwa jina jingine. Mtu wa namna hii alipata kazi kwa yule tu asiyeuliza maswali, na asiyeuliza maswali hutaka malipo ya ukimya wake. Akinyimwa ujira mwisho wa mwezi, aende kwa nani? Angeulizwa kipande kabla hajaulizwa shida yake. Wanawake na watoto, ambao sheria ile haikuwaandikisha, walichuma kahawa kwa ujira ulio chini ya ule wa wanaume. Arkidikoni Owen wa Nyanza alipaza sauti yake sana juu ya kazi za watoto katika miaka ya 1930.

Kwa hiyo mwenye karatasi alibanwa na karatasi, na asiye nayo alibanwa kwa kukosa. Mwaka 1921, bei za mazao zilipoanguka, masetla walipatana kupunguza ujira wa Waafrika kwa theluthi moja. Hatuoni mahali popote paliposemwa kwamba upungufu ule uliletwa na wageni au watoro. Uliletwa na watu waliokaa kikao wakakubaliana, juu ya watu waliokatazwa kuacha kazi. Nairobi Harry Thuku alisimama, na alipokamatwa, watu waliokusanyika kumdai walipigwa risasi tarehe 16 Machi, 1922. Kwetu Nyanza wazee walikuwa wamekwisha kutana Lundha, tarehe 23 Desemba, 1921, na Jonathan Okwiri akawa kiongozi wao. Miongoni mwa madai yao lilikuwamo la kuondolewa kwa kipande. Mwaka 1923 chama kile kiligeuzwa na Arkidikoni Owen kuwa chama cha ustawi wa walipa kodi, nasi twajihesabu kuwa wajukuu wake.

Kipande chenyewe kilidumu hata mwaka 1947, ilipopitishwa sheria ya kuandikisha watu wa rangi zote. Hapo ndipo Wazungu wengi walipogundua kwamba kutiwa alama za vidole ni fedheha, wakalalamika mpaka wakatafutiwa njia nyingine.

Mwaka huo huo, hapa Mombasa, lilitokea jambo ambalo twapenda fundi wetu alitazame vizuri. Tarehe 13 Januari watu wapatao 15,000 waligoma. Walikuwa watu wa bandari na wa reli, watumishi wa nyumbani na wa hoteli, wa mshahara wa mwezi pamoja na vibarua wa kutwa. Hapo kabla, wa mwezi alimwogopa kibarua kwamba atachukua mahali pake, na kibarua alimwona wa mwezi kuwa mtu wa serikali. Kwa siku 12 hapakuwa na wa kumwita badala ya mwingine. Chege Kibachia aliyewaongoza alikamatwa Agosti akapelekwa kizuizini Kabarnet, lakini baraza la Jaji Thacker lilikuwa limekwisha amuru nyongeza. Mwaka 1954 kamati ya Carpenter nayo ikakiri kwamba mishahara ya Waafrika ilikuwa imepimwa kwa tumbo la mtu mmoja asiye na mke wala mtoto.

Turudi kwa fundi wetu. Hakusema uongo, ujira wake umeshuka kweli, na watoto wake wamerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Lakini yule kijana hakujipangia nusu ya ujira. Alipangiwa na mtu ajuaye kwamba hatakwenda kushtaki. Tukimfukuza katika chama, tutakuwa tumemwongezea mwajiri sababu ya kumpa robo. Twaongeza kwamba Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yahesabu mapatano ya mdomo kuwa mapatano, na kibarua aliyefanya kazi mfululizo mwezi mzima si wa kuachishwa kama wa kutwa. Wanachama wachache mno walikuwa na habari hiyo tulipowauliza, na fundi mwenyewe hakuwa nayo.

Kamati italeta neno hili tena mbele ya mkutano mkuu. Kikasha cha kipande kimo katika kabati la ofisi, na mwenye kutaka kukiona aje siku ya Jumamosi kabla ya saa sita. Kamba yake ingalipo.