Kwa nini daktari wa ADHD anauliza ulivyokuwa darasa la pili?

Tuseme una miaka 22. Uko mwaka wa tatu chuoni na mambo yamekushinda. Kazi unaianza usiku wa kuamkia siku ya kuikusanya. Ukurasa mmoja unausoma mara nne na hakuna kinachobaki. Funguo umepoteza tena. Rafiki anakwambia, "Wewe, nenda ukafanyiwe tathmini ya ADHD." Unajikaza, unaweka miadi, unafika ukiwa tayari kueleza ya chuoni. Daktari anakuuliza: "Ulipokuwa darasa la pili ulikuwaje? Naweza kuongea na mama?"

Wengi hukwazika hapo. Mtu mzima na ndevu zako, unaulizwa habari za mama! Lakini swali hilo lina historia ndefu, na ukiijua utaingia kwenye chumba kile ukiwa umejiandaa vizuri zaidi.

Twende nyuma kidogo. Mwaka 1798 daktari wa Uskoti, Alexander Crichton, alichapisha kitabu chenye sura nzima kuhusu umakini na maradhi yake. Alieleza watu wasioweza kushikilia jambo moja kwa muda, na akasema mtu anaweza kuzaliwa hivyo. Kisha akaongeza kwamba, kwa bahati njema, hali hii kwa kawaida hupungua kadiri umri unavyosonga. Lishike neno hilo, "hupungua", maana litatufuata.

Mwaka 1902 George Still, daktari wa watoto, alitoa mihadhara mitatu jijini London. Alizungumzia watoto ambao akili zao zilikuwa sawa, ila walishindwa kujizuia. Tatizo aliliona kuwa upungufu wa kujitawala kimaadili, na kati ya watoto aliowaeleza wavulana walikuwa wengi kuliko wasichana. Mwaka 1937, huko Rhode Island, Marekani, Charles Bradley aliwapa watoto 30 wenye matatizo ya tabia Benzedrine, dawa ya kuchangamsha. Cha ajabu, karibu nusu yao walitulia na kazi zao za shule zikawa bora zaidi. Ugunduzi mkubwa, lakini ona: bado ni watoto. Picha ikaganda vichwani mwa watu, ya mvulana mdogo asiyekaa kitini.

Mwaka 1968 picha hiyo iliingia kwenye DSM, mwongozo ambao madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani hutumia kutambua maradhi. Toleo la pili liliiita hali hii tatizo la utotoni, na kusema kwamba kwa kawaida hupungua mtu akibalehe. Neno la Crichton limerudi! Sasa fikiria kijana wa miaka 22 wa wakati ule. Angeenda wapi, wakati kitabu chenyewe kinaonyesha alipaswa kuwa ameshapona?

Mlango ulianza kufunguka mwaka 1976. Paul Wender na wenzake wa Utah walichapisha utafiti wa watu wazima 15 waliodhaniwa kuwa na tatizo hili. Walikuwa na kazi ngumu ya kuonyesha kwamba shida ya mtu mzima ndiyo ileile ya mtoto. Kwa hiyo waliangalia malalamiko ya sasa, historia ya utotoni, na maelezo ya wazazi kuhusu mtoto wao alivyokuwa. Watu 11 kati yao walijaribiwa kwa dawa halisi na kidonge kisicho na dawa, bila wao wala watafiti kujua kipi ni kipi. Wanane walionyesha nafuu ya wazi. Ni watu wachache, ndiyo, lakini yale maswali ya utotoni yalibaki. Mama yako anatafutwa leo kwa sababu hiyohiyo.

Baada ya hapo mambo yakabadilika polepole. Mwaka 1980 DSM ilikubali kwamba mtu anaweza kukosa umakini bila kurukaruka. Jina ADHD lilikuja mwaka 1987. Uingereza ilitoa mwongozo wa kitaifa uliojumuisha watu wazima mwaka 2008. Mwaka 2013 DSM ililegeza masharti mawili: dalili sasa ziwe zimeonekana kabla ya miaka 12, badala ya 7, na kuanzia miaka 17 dalili tano zinatosha pale ambapo mtoto anahitaji sita.

Je, swali la darasa la pili ni la haki? Lina sababu nzuri. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayothibitisha ADHD kwa mtu mmoja. Kukosa usingizi, wasiwasi na sonona navyo huvuruga umakini, na kinachosaidia kuvitofautisha ni kujua shida ilianza lini. Lakini swali hilo pia huwaacha nje baadhi ya watu: binti aliyekaa kimya dirishani akiota mchana, mwenye akili nyepesi aliyefaulu kwa kukesha, na yule ambaye wazazi wake hawapo tena.

Kwa hiyo usiende mikono mitupu. Tafuta ripoti za shule ya msingi, na usome maoni ya walimu kuliko alama. "Ana uwezo ila hajitumi" ni ushahidi. Andika mifano mitatu minne ya utotoni, hata kama haukuwa mtundu. Kama mzazi hayupo, uliza kama kaka, dada au shangazi aliyekulea anaweza kusikilizwa. Na kama ripoti zimepotea, lisema mapema ili daktari ajue pa kuanzia. Ripoti kukosekana si sawa na shida kutokuwepo.