Dawa Iliyomwinua Mgonjwa Kitandani

Juu ya kila figo la mtu pana tezi ndogo, mfano wa kofia. Zamani hakuna aliyejua kazi yake. Mwaka 1855 Daktari Thomas Addison wa London aliandika habari za wagonjwa walioishiwa nguvu, wakakonda, ngozi ikageuka rangi, kisha wakafa. Walipopasuliwa, tezi zile zilionekana zimeharibika. Hivyo watu wakajua kwamba pasipo vitu vidogo vile hatuwezi kuishi.

Sasa twende Rochester, mji wa Marekani. Mwaka 1883 tufani ilibomoa nyumba nyingi za mji ule. Masista wa Mtakatifu Fransisko waliwauguza majeruhi. Kisha Mama Mkubwa wao, Alfred Moes, alipatana na Daktari Mayo: Masista wajenge hospitali, yeye na wanawe watibu humo. Ilifunguliwa mwaka 1889, ikapewa jina la Mtakatifu Maria.

Baadaye humo alifanya kazi Daktari Philip Hench. Aliwatunza wenye baridi yabisi, ugonjwa unaovimbisha viungo na kuvipinda. Mwaka 1929 aliona jambo la ajabu. Mgonjwa mmoja aliugua nyongo, macho yakawa manjano, na papo hapo maumivu ya viungo yakatulia. Tena aliona wanawake waliopata nafuu walipokuwa na mimba. Akawaza: Basi, mwilini mna kitu kinachoweza kuutuliza ugonjwa huu. Ni kitu gani?

Katika mji uleule Edward Kendall, mtaalamu wa kemia, alikuwa akichambua tezi za ng'ombe kutoka machinjioni. Tadeus Reichstein alifanya kazi kama hiyo Uswisi. Kitu kimoja alichokipata, Kendall alikiita E. Lakini tezi nyingi mno zilitoa kidogo tu. Ndipo Lewis Sarett, wa kampuni ya Merck, alipovumbua njia ya kukitengeneza kwa nyongo ya ng'ombe, kazi ya hatua zaidi ya thelathini.

Tarehe 21 Septemba 1948, mwanamke wa miaka 29, aliyegeuka kitandani kwa taabu kubwa, alipigwa sindano ya kitu kile katika hospitali ya Masista. Baada ya siku chache alisimama. Baada ya juma moja alikwenda madukani kwa miguu yake. Mwaka 1950 Hench, Kendall na Reichstein walipewa Tuzo ya Nobel. Hench hakumsahau Sista Pantaleon, mwuguzi mkuu wa wagonjwa wale: alimgawia sehemu ya fedha zake.

Dawa ile, kortisoni, ilikuwa ghali kuliko dhahabu. Watu walitumwa hata Afrika kutafuta mbegu za strofanto, mmea ambao wawindaji walipaka sumu yake mishaleni, wakidhani zitarahisisha kazi. Lakini msaada ulitoka pengine: mwaka 1952 ilitangazwa kwamba kuvu inaweza kufanya hatua iliyo ngumu kupita zote. Bei ikashuka.

Je, hadithi imekwisha? Sivyo. Sindano zilipokoma, maumivu yalirudi, na Hench hakulificha jambo hilo. Wagonjwa wengine uso uliviringana kama mwezi, mifupa ikadhoofika, akili ikachafuka. Kumbe dawa hii huzima moto, lakini haiondoi kuni.

Tena kuna hatari nyingine. Tezi zetu hutoa kitu cha namna hiyo kila siku, kwa amri ya ubongo. Ubongo ukiona dawa imejaa katika damu, huacha kutoa amri. Tezi hulala na kusinyaa, kama mtumishi asiyepewa kazi. Mtu akimeza vidonge kwa majuma mengi, kisha akiacha ghafula, tezi haziamki siku ile. Anaweza kuzirai, hata kufa; na jirani watasema amerogwa! Kwa hiyo daktari hupunguza dawa kidogo kidogo.

Leo ndugu za kortisoni ni prednisoloni na deksametasoni. Mwaka 2020, huko Uingereza, ilithibitishwa kwamba deksametasoni ilipunguza vifo kwa theluthi moja kati ya wagonjwa wa Covid waliopumua kwa mashine. Wale wasiohitaji oksijeni haikuwafaa kitu. Dawa ni ileile. Tofauti ni nani anaipewa, na kwa sababu gani.

Basi, nanyi akina mama mnaonunua vidonge hivi sokoni ili mnenepe, sikieni: ule si unene wa afya. Lakini aliyekwisha kuvizoea asivitupe leo kwa hofu. Aende zahanati, aseme kweli yote: kidonge gani, vingapi, tangu lini. Asione haya. Hench aliisema kweli ya dawa yake mwenyewe, na kweli hiyo imeokoa wengi.