Nzi wa ndizi na bibi yangu

Niliwahi kupuliza dawa ya mbu jikoni kwa bibi, Nemba, kuwafukuza nzi wadogo wa ndizi. Bibi alikohoa usiku kucha, nzi wakarudi.

Kumbe ni wenyeji wetu wa kale. Mwaka 2018 watafiti waliwakuta porini Zimbabwe kwenye matunda ya mng'ongo. Wanadhani walituzoea watu walipobeba matunda hayo mapangoni. Mwaka 1910, New York, Thomas Hunt Morgan aliona mmoja mwenye macho meupe, akafumbua siri za urithi. Alipata Tuzo ya Nobel 1933.

Yai huwa nzi kamili kwa siku 10 hivi. Kwa hiyo tupa maganda kila siku, funika ndizi, tega siki yenye tone la sabuni. Bibi alikuwa akifunika ndizi siku zote. Mimi ndiye niliyezifunua.