Maonyesho Tisa (Sehemu ya Pili)

ILIPOISHIA: Mji umefilisika. Kiwanda chake kilitengeneza bidhaa isiyochakaa, basi aliyenunua mara moja hakurudi tena. Meya Cora na wasaidizi wake wakaficha pampu ndani ya mwamba, maji yakabubujika, wakatangaza muujiza. Mahujaji wakamiminika na pesa zao. Nesi Fay akawaleta wagonjwa wake 49 wa akili wayanywe maji hayo mbele ya umati. Wakazuiwa, wakajichanganya na mahujaji, na hakuna tena aliyejua yupi mzima na yupi kichaa. Ndipo akatokea mgeni, Hapgood. Watu wakamdhania daktari, naye akaanza kuwagawa makundi kwa maswali. Mwishowe akaugeukia ukumbi na kuwaambia watazamaji kuwa vichaa ni wao. Taa zikazimika.

SASA ENDELEA...

Taa ziliporudi, waigizaji walikuwa wameketi jukwaani kwenye viti vya ukumbi wa maonyesho, nyuso zao zimeelekea kwa watu waliolipa tiketi. Wakawatazama, wakacheka, wakapiga makofi. Hivyo ndivyo ilivyofungwa sehemu ya kwanza ya Anyone Can Whistle katika ukumbi wa Majestic, New York, usiku wa Jumamosi, Aprili 4, 1964. Watazamaji wa Broadway walikuwa wamekwenda kuchekeshwa. Kuchekwa ni jambo jingine kabisa.

Na waliofanya hivyo hawakuwa wageni wa kazi. Arthur Laurents, aliyeandika hadithi na kuiongoza, ndiye aliyeandika pia hadithi za West Side Story na Gypsy. Stephen Sondheim, mtunzi wa nyimbo, alikuwa ametimiza miaka 34 wiki mbili tu kabla ya usiku ule, na maneno ya nyimbo za michezo hiyo miwili yalikuwa yake. Isitoshe, kichekesho chake cha Roma ya kale, A Funny Thing Happened on the Way to the Forum, kilikuwa bado kinaendelea kwenye ukumbi mwingine wa Broadway, mwaka wa pili sasa. Angela Lansbury, aliyeigiza Cora, na Lee Remick, aliyeigiza Fay, walikuwa nyota wa sinema, na kila mmoja alikuwa amewahi kupendekezwa kwa tuzo ya Oscar. Ila hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa ameimba katika mchezo wa Broadway.

Dalili mbaya zilianzia Philadelphia, kwenye maonyesho ya majaribio. Henry Lascoe, mmoja wa wasaidizi wa meya katika mchezo, alipatwa na mshtuko wa moyo, ikabidi Gabriel Dell ashike nafasi yake. Mcheza dansi mmoja naye alianguka kutoka jukwaani hadi kwenye shimo la wapiga ala. Wakati huohuo hadithi ilikuwa inakatwa na kushonwa upya. Mchezo ulikuwa na sehemu tatu, na ulitaka kuwasema wote kwa mpigo: wanasiasa, wafanyabiashara ya dini, madaktari wa akili, na mtu wa kawaida anayependa kufuata mkumbo. Kwa maoni yangu hapo ndipo Laurents alipojikwaa. Ukiwapiga wote kwa fimbo moja, hakuna anayebaki upande wako.

Magazeti yalipotoka, wahakiki wawili waliosomwa kuliko wote, Walter Kerr wa Herald Tribune na Howard Taubman wa New York Times, waliukataa. Foleni ya tiketi haikuwapo. Mtayarishaji Kermit Bloomgarden akatazama hesabu, na kabla wiki haijaisha akaamua.

Jumamosi, Aprili 11, pazia likafunguliwa kwa mara ya tisa. Lilipofungwa, likafungwa moja kwa moja.

Katika biashara ile, mchezo wa namna hiyo huzikwa siku hiyohiyo. Mapambo huvunjwa, mavazi huuzwa au kukodishwa, waigizaji hutafuta kazi nyingine. Wimbo ambao haukuingia kwenye santuri huishi katika vichwa vya wachache waliokuwepo, nao wakiondoka, huondoka nao. Mkataba na kampuni ya Columbia uliruhusu santuri iachwe iwapo mchezo ungekufa mapema. Nani angenunua santuri ya mchezo uliodumu wiki moja?

Lakini Jumapili, Aprili 12, waigizaji hawakulala. Waliitwa studio.

Aliyewaita ni Goddard Lieberson, mkuu wa Columbia. Mkataba haukumlazimisha. Alizisikia nyimbo zile, akaona hazistahili kupotea, akaagiza zirekodiwe. Mimi namheshimu mtu huyu kuliko yeyote katika kisa hiki, kwa sababu alitumia pesa ya kampuni kuhifadhi kitu ambacho soko lilikuwa limeshakitupa.

Sikiliza kilichonaswa siku ile. Lansbury anapoingia kama Cora, anaimba Me and My Town na vijana wanne nyuma yake, kwa madaha ya msanii wa klabu ya usiku. Anaulilia mji wake, lakini muziki unalenga makofi tu. Uongo wa meya unausikia kwenye ngoma na tarumbeta kabla hujauelewa kwenye maneno. Sondheim alikuwa amempa laghai muziki wa zamani wa Broadway wenye kung'aa. Halafu anakuja Fay. Wimbo unaobeba jina la mchezo ni wa polepole, hauna pambo: mwanamke mwenye nidhamu ya chuma, ambaye hata kumbusu mwanamume anaweza tu akiwa amevaa wigi jekundu na kujifanya Mfaransa, anakiri kwamba hawezi hata kupiga mluzi. Remick hakuwa mwimbaji mkubwa. Sauti yake inatetemeka kidogo, na ndiyo inayofaa.

Kulikuwa na jambo jingine. Siku hiyo Remick aliimba pia There Won't Be Trumpets, wimbo uliokuwa umeondolewa kabla ya uzinduzi. Santuri ilipotoka, haukuwemo. Ukanda ukabaki kabatini.

Mwezi uliofuata, ukumbi wa Majestic ukapata mpangaji mpya. Ni Forum, ya Sondheim yuleyule! Ikakaa pale hadi Agosti 29, ikafikisha maonyesho 964.

Lansbury naye hakuzama na jahazi. Mei 24, 1966 alitokea tena Broadway katika Mame, mchezo uliofikisha maonyesho 1,508 na kumpa tuzo yake ya kwanza ya Tony. Na santuri iliendelea kupita mkono kwa mkono. Waimbaji wakachukua wimbo mmoja mmoja. Machi 11, 1973, katika usiku wa kumuenzi Sondheim kwenye ukumbi wa Shubert, mtunzi mwenyewe aliketi kwenye piano na kuuimba ule wa mluzi kwa sauti yake isiyo ya kitaalamu. Baadaye, santuri ilipotolewa kwenye CD, ule wimbo wa kabatini ukasikika hatimaye.

Nyimbo zilikuwa zimeokoka. Hadithi je? Maneno ya Laurents hayakuwa na santuri ya kuyabeba.

Aprili 8, 1995, ukumbi wa Carnegie Hall ulifungua milango kwa onyesho la hisani la kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI. Remick alikuwa ameshafariki, 1991. Nafasi ya Fay alipewa Bernadette Peters, ya Cora Madeline Kahn, ya Hapgood Scott Bakula. Mitambo ya kurekodi ilikuwa tayari. Msimulizi akapanda jukwaani: Angela Lansbury. Miaka 31 ilikuwa imepita, na sasa alitakiwa kuwasimulia watu hadithi ileile iliyoangusha mchezo wake wa kwanza wa kuimba.

Je, safari hii wangeikubali? Usikose Jumamosi ijayo. Kabla ya hapo, itafute rekodi ya 1964. Msikilize Cora kwanza, kisha Fay.