Dawa za kilimo: hatari huanza kabla ya kufika shambani

KIGALI – Sehemu kubwa ya viazi vinavyouzwa katika masoko ya Kigali hutoka wilaya za Musanze, Burera, Nyabihu na Rubavu, chini ya milima ya volkano. Huko mvua ni nyingi na ugonjwa wa ukungu, yaani bakajani, unaweza kumaliza shamba kwa siku chache. Ndiyo sababu wakulima hunyunyizia mankozebu, ambayo wengi huijua kwa jina la Dithane, na wakati wa mvua huenda wakanyunyizia kila wiki. Dawa hizo kwa kawaida huletwa na malori kutoka bandari za Mombasa na Dar es Salaam, kupitia mipaka ya Gatuna na Rusumo.

Biashara hiyo inasimamiwa na Sheria Na. 30/2012 ya Agosti 1, 2012 kuhusu kemikali za kilimo. Ukaguzi na vibali viko chini ya mamlaka ya RICA iliyoanzishwa mwaka 2017. Msafirishaji anayepakia bila kuona kibali cha mwagizaji anajitafutia hasara mwenyewe, kwani lori likizuiwa mpakani gharama za kusubiri huanza kwake.

Hata hivyo, karatasi zikiwa sawa bado kuna tatizo la ujazo. Shamba la kawaida la familia nchini Rwanda halifiki hekta 1. Kipimo cha mankozebu ni kama gramu 50 kwa bomba la lita 20, hivyo mkulima mdogo hana haja ya mfuko mkubwa, na pengine hana fedha za kuununua. Mwenye duka la pembejeo hufungua mfuko na kumpimia kwenye nailoni au chupa ya soda. Lebo inabaki dukani. Mkulima anaondoka bila kipimo, bila siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na bila alama ya hatari, na nyumbani mtoto anaona chupa ya soda tu. Kosa hili huwekwa mabegani mwa mkulima asiyesoma, lakini uamuzi ulifanyika siku mwagizaji alipoagiza mzigo. Pakiti ndogo zilizofungwa kiwandani huwa na bei ya juu kidogo kwa kilo, ila lebo hufika nazo hadi shambani.

Rangi iliyo chini ya lebo hufuata makundi ya Shirika la Afya Duniani (WHO). Nyekundu ni sumu kali, njano ni ya hatari ya kati, kisha buluu na kijani. Wafanyabiashara wengi huichukulia kijani kuwa dawa isiyo na madhara, na hilo si kweli. Rangi hupima sumu ya mara moja tu, haipimi ya miaka mingi. Mankozebu iko katika kundi la kijani, lakini Desemba 2020 Umoja wa Ulaya ulikataa kuongeza muda wa kibali chake kwa sababu ya hatari kwa uzazi na kwa homoni. Ikivunjika hutoa kemikali inayodhuru tezi ya shingo. Anayebeba bomba linalovuja mgongoni huipata kupitia ngozi, na anayefua nguo zake naye huipata.

Dawa za jamii ya oganofosfati, kama klopirifosi, hudhuru haraka zaidi. Dalili ni jasho na mate mengi, mboni za macho kuwa ndogo, kutapika na kubanwa pumzi. Mgonjwa avuliwe nguo, aoshwe kwa maji na sabuni, apelekwe hospitali pamoja na lebo ya dawa. Namba ya gari la wagonjwa nchini Rwanda ni 912.

Upande wa wasafirishaji, kishawishi ni mzigo wa kurudi. Lori lililoshusha viazi Kigali halipendi kupanda Musanze tupu, na kesho yake litabeba viazi tena. Mwaka 1967 huko Chiquinquirá, Kolombia, unga uliosafirishwa na parathioni katika lori moja ulitengenezewa mkate, na zaidi ya watu 60 walikufa, wengi wao watoto. Mwaka huo huo, nchini Qatar na Saudi Arabia, unga uliomwagikiwa na endrini melini uliua watu 26. Mbao za bodi hunywa dawa, na kufagia hakutoshi. Dawa isipakiwe pamoja na chakula, chakula cha mifugo wala abiria, na utingo asilale juu ya mzigo.

Kwa wenye maghala, Mei 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm, Rwanda ikiwemo, zilikubaliana kuiweka klopirifosi katika orodha ya kemikali za kuondolewa, isipokuwa kwa matumizi machache yaliyosamehewa. Anayeagiza shehena mpya aangalie kwanza itauzika hadi lini, kwa kuwa kuteketeza dawa iliyopigwa marufuku hugharimu, na mara nyingi hulazimu kuisafirisha nje ya nchi.