Mstari Wima Hautoshi: Namna ya Kuutambua Uhusiano Ulio Fankisheni

Mwanafunzi akiulizwa kama uhusiano fulani ni fankisheni, aghalabu hukimbilia mchoro. Huchora grafu, hupitisha mstari wima, na mstari ukiikata grafu mahali pawili anakataa. Usipoikata hivyo anakubali. Makala hii inadai kwamba jaribio hilo hupima nusu tu ya fasili, na kwamba hukumu haiwezi kutolewa kabla ya kutaja seti mbili zinazohusishwa.

Uhusiano kutoka seti A kwenda seti B ni fankisheni iwapo unatimiza masharti mawili: kila memba wa A awe na mwenza katika B, na mwenza huyo awe mmoja tu. Tuuangalie ujamaa. Uhusiano wa mtu na mama yake mzazi ni fankisheni, kwa kuwa kila mtu anaye, naye ni mmoja. Uhusiano wa mtu na mjomba wake unavunja masharti yote mawili: yuko asiye na mjomba, na yuko mwenye wajomba watatu. Kwamba ndugu wawili wana mama mmoja hakuharibu kitu, kwani fasili haiwakatazi memba wawili wa A kuwa na mwenza yuleyule.

Mstari wima huchunguza sharti la pili. Katika mlinganyo x² + y² = 25, namba 3 inahusishwa na 4 na pia na −4, hivyo hatuna fankisheni. Lakini tukichukua x kuanzia −5 hadi 5, na y isiyopungua 0, mlinganyo uleule unatupa fankisheni. Kwa upande mwingine, y = 1/x haikatwi mara mbili na mstari wima wowote, ila si fankisheni juu ya namba halisi zote, maana 0 haina mwenza. Mwenye kutegemea mstari peke yake ataukubali uhusiano huo kimakosa.

Historia inaunga mkono hoja hii. Mwaka 1748 mwanahisabati Leonhard Euler aliieleza fankisheni kama fomula iliyoundwa kwa kigeu na namba. Lakini mwaka 1829 mwanahisabati Dirichlet alitoa mfano wa fankisheni yenye thamani moja kwa namba zote zinazoweza kuandikwa kama sehemu ya namba nzima mbili, na thamani nyingine kwa namba zilizobaki. Grafu yake haichoreki, kwa hiyo mstari wima hauna cha kukata. Fasili, hata hivyo, inajibu papo hapo: kila namba halisi imo katika kundi moja tu kati ya hayo mawili, basi ina thamani moja tu.

Walimu na waandishi wa vitabu vya hisabati waanze basi na seti, jozi na mishale, na grafu ifuate baadaye. Mwanafunzi azoee kuuliza maswali matatu kwa utaratibu huu: Tunatoka seti gani kwenda seti gani? Je, kila memba ana mwenza? Je, mwenza huyo ni mmoja tu?