Ronald Ngala: Kutoka KADU hadi KANU

Ronald Gideon Ngala alizaliwa mwaka 1923 katika nchi ya Wagiriama, Pwani ya Kenya. Alisoma Alliance na Makerere, akafundisha, kisha mwaka 1957 akaingia Baraza la Kutunga Sheria jijini Nairobi.

Juni 1960 viongozi wa jamii ndogo walikutana Ngong wakaunda chama cha KADU, Ngala akiwa rais wake. Walihofia kwamba uhuru ungewaachia Wakikuyu na Waluo, waliokuwa na nguvu ndani ya chama cha KANU, ardhi na vyeo. Kinga waliyoitaka ilikuwa majimbo, yaani mikoa yenye mabaraza na madaraka yake. Katika uchaguzi wa 1961 KANU ilipata viti 19 na KADU 11, lakini KANU ikakataa kuunda serikali huku Jomo Kenyatta akiwa kizuizini. Ngala aliiunda, akiungwa mkono na chama cha mlowezi Michael Blundell. Uamuzi huo ulimtia doa kwa wazalendo wengi, ingawa Kenyatta aliachiliwa Agosti mwaka huohuo, KADU ikiwa bado serikalini.

Katiba ya 1963 iliyakubali majimbo. Katika uchaguzi wa mwaka huo KADU ilitwaa mabaraza ya Pwani, Bonde la Ufa na Magharibi, nayo KANU ikatwaa nchi. Ngala akawa rais wa baraza la Pwani na papo hapo kiongozi wa upinzani bungeni. Serikali kuu iliyanyima majimbo fedha na madaraka, na wabunge wa KADU wakaanza kuhama mmoja baada ya mwingine. Tarehe 10 Novemba 1964 Ngala alikivunja chama, akajiunga na KANU pamoja na wenzake. Mwezi uliofuata Kenya ikawa jamhuri, na majimbo yakaporomoka.

Wapiga kura hawakuulizwa kuhusu kuhama huko. Aprili 1966, Oginga Odinga na wabunge wenzake wa KANU walipohamia chama kipya cha KPU, Bunge lilibadilisha katiba upesi: anayehama chama arudi kwa wananchi. Viti 29 vikapigiwa kura upya. Kumwachia Ngala na kuwabana wafuasi wa Odinga hakukuwa haki.

Ngala mwenyewe alikuwa amekwisha kupanda. Machi 1966, huko Limuru, KANU iliweka makamu wa rais wa chama wanane, mmoja kwa kila mkoa, naye akachaguliwa wa Pwani. Mwaka huo akawa waziri. Alifariki tarehe 25 Desemba 1972 kutokana na ajali ya gari iliyotokea Konza, na barabara katikati ya Nairobi ikapewa jina lake.